UZI: Programu ya Windows kwenye Linux au Mac. Kabla ya kuuliza utumie nini, jua kwanza nini kinakukwamisha

mleta_uzi

Wakuu, habari zenu.

Swali hili haliishi: mtu amehamia Linux, au amepata Mac mpya, na kuna programu moja ya Windows ambayo hawezi kuiacha. Akiuliza afanyeje anarushiwa majina tu: Wine, VirtualBox, Parallels, QEMU. Anajaribu la kwanza linagoma, anajaribu la pili linajikokota, mwishowe anarudi alikotoka akiamini jambo lenyewe haliwezekani. Mara nyingi linawezekana kabisa. Tatizo ni kwamba hakujua programu yake inakwama wapi, na waliomjibu hawakumuuliza.

Programu hukwama kwa sababu mbili tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni prosesa. Ndani ya faili la .exe kuna maagizo yaliyoandaliwa kwa ajili ya aina moja ya prosesa. Kwa programu nyingi za Windows aina hiyo ni x86, yaani familia ya Intel na AMD. Prosesa za ARM, ambazo ziko kwenye simu karibu zote na kwenye Mac zilizoanza kutoka Novemba 2020 na chipu ya M1, zina lugha yao nyingine. Ukiipa ARM maagizo ya x86 yalivyo, hakuna itakachofanya nayo.

Ya pili ni mfumo endeshi. Programu haifungui faili yenyewe wala haichori dirisha yenyewe, huuomba mfumo uifanyie. Kwenye Windows ombi la kufungua faili huitwa CreateFile na linakaa ndani ya kernel32.dll. Linux haina ombi lenye jina hilo. Hata umbo la faili la programu ni tofauti: Windows hutumia PE, Linux hutumia ELF, Mac hutumia Mach-O. Ndiyo maana unaweza kubaki na kompyuta ileile na prosesa ileile, ukabadilisha mfumo peke yake, na programu ikashindwa hata kuanza.

Sasa jiulize uko upande gani. Laptopu ya Intel au AMD yenye Linux ina tatizo la pili tu. Laptopu ya Windows yenye prosesa ya ARM ina la kwanza tu. Mac ya M1 na zilizofuata zina yote mawili ukitaka kuendesha programu ya Windows. Hapo ndipo ushauri unapoanza kutofautiana, na hapo ndipo watu wengi hupotezana.

Nianze na Wine kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Wine haiigi kompyuta. Inafanya kazi ya mkalimani: programu inaomba kwa Kiwindows, Wine inalipokea ombi na kulipeleka Linux kwa namna Linux inavyolijua, kisha inarudisha jibu. Maagizo ya kawaida ya programu, yale ya kujumlisha na kulinganisha na kuhamisha data, yanaenda kwenye prosesa moja kwa moja bila kuguswa. Kwa hiyo anayesema Wine lazima iwe nzito kwa kuwa ni emuleta, yaani programu inayoiga kompyuta nzima, hajaielewa. Kuna programu zinazokwenda humo kwa kasi ileile ya Windows.

Uzito wake uko kwingine. Mradi ulianza mwaka 1993, Alexandre Julliard akaushika mwaka uliofuata na ndiye anayeuongoza hadi leo, lakini toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008. Miaka 15! Si uvivu. Windows ina maelfu ya maombi ya aina hiyo, na nyaraka zake hazisemi kila kitu. Programu zimezoea tabia ambazo hazikuandikwa popote, zikiwemo kasoro. Ombi likirudisha namba fulani ya hitilafu kwenye Windows, kuna programu mahali inayoitegemea namba hiyohiyo. Wanaojenga Wine huandika majaribio, wanayaendesha kwenye Windows halisi waone inajibu nini, kisha wanaifanya Wine ijibu vilevile. Msimbo wa Microsoft hawaugusi, na aliyewahi kuuona hata mchango wake hawaupokei. Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana, na ningependa tuiheshimu hata programu zetu zinapogoma.

Ushahidi wa ugumu huo umetoka kwa Microsoft wenyewe. Mwaka 2016 walileta WSL, njia ya kuendesha programu za Linux ndani ya Windows, na toleo la kwanza lilitumia mbinu ya ukalimani: ombi la Linux linageuzwa kuwa la Windows. Ilifanya mengi, lakini kazi zenye faili nyingi ndogondogo zilikuwa za taratibu, na baadhi ya maombi hayakuwa na mwenzake upande wa pili. Mwaka 2019 wakatangaza WSL 2, ambayo ndani yake kuna kerneli halisi ya Linux (kiini cha mfumo endeshi) ikiendeshwa kwenye mashine pepe nyepesi, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Kampuni yenye msimbo wote wa Windows mkononi, na Linux ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, iliona ni heri kubeba kerneli nzima kuliko kuendelea kutafsiri.

Karibuni tuchangie. Ukiuliza, taja prosesa, mfumo, na jina la programu au angalau aina yake.

---

fundi_kompyuta

Mkuu, umeeleza vizuri ila hitimisho lako nalipinga. Hiyo WSL 2 uliyoitaja inathibitisha upande wangu. Mtu wa kazi asihangaike na Wine. Mashine pepe, basi. Windows halisi ndani ya dirisha, kila kitu kinafanana, likitokea tatizo unarudi kwenye nakala ya jana. Tangu Intel waweke VT-x, uwezo wa kusaidia mashine pepe, kwenye prosesa mwaka 2005 na AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006, kasi ya mashine pepe si hoja tena. Kwenye Linux kuna KVM, ya kuendesha mashine pepe, ndani ya kerneli tangu 2007. Wine leo inafungua, kesho umesasisha, haifungui. Mteja hawezi kusubiri.

---

mleta_uzi

Fundi, kwa kazi ambayo ikisimama mtu anapoteza kipato nakubaliana nawe: anza na mashine pepe. Lakini usiifanye jibu la kila mtu.

Mashine pepe inahitaji leseni ya Windows. Inahitaji RAM iliyotengwa, na laptopu yenye GB 4 ukiigawanya, pande zote mbili zinateseka. Windows iliyo ndani inahitaji masasisho na ulinzi kama nyingine yoyote, kwa hiyo umepata kompyuta mbili za kutunza. Na VT-x haikusaidii kwenye kadi ya michoro: programu za 3D ndani ya mashine pepe ya kawaida hupata kadi ya kuigiza yenye uwezo mdogo, mpaka umkabidhi mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) kadi nzima, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida haliwezi.

Kuhusu kusasisha: Wine haikulazimishi kubaki na toleo moja kwa programu zote. Kila programu unaweza kuipa folda yake kwa mpangilio uitwao WINEPREFIX, na zana kama Bottles na Lutris hukuwezesha kuifunga programu kwenye toleo la Wine lililoikubali. Iliyokaa sawa iache hapo ilipo.

Halafu kuna jambo mashine pepe yenye Windows ya kisasa haiwezi. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16 za enzi za Windows 3.1. Wine kwenye Linux ya biti 64 inaziendesha nyingi. Kuna kumbukumbu za watu, hesabu za taasisi na kazi za maktaba zilizofungwa ndani ya programu za wakati ule. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuifanya Wine iwe kitu cha kutunzwa.

---

mhasibu

Nawasoma kwa makini wakuu. Mimi nina programu ya uhasibu ya zamani, ya Windows, inayotaka ufunguo wa USB ndipo ifunguke. Laptopu ni ya Intel, nimeweka Linux. Kwenye Wine inafika ukurasa wa kwanza inasema ufunguo haupo, wakati nimeuchomeka. Tatizo ni la Wine au ufunguo umekufa?

---

mleta_uzi

Ufunguo yaelekea ni mzima. Ufunguo wa namna hiyo unakuja na draiva yake, na draiva haiishi mahali programu za kawaida zinapoishi. Inaingia ndani kwenye kerneli ya Windows na kuongea na maunzi. Wine inatafsiri maombi ya programu, lakini kerneli iliyo chini ni ya Linux na draiva ya Windows haina pa kujishika. Ndiyo hali ileile ya skana za zamani, mashine za maabara zenye kadi zake, na printa zisizo na draiva ya Linux. (Printa yenye draiva ya Linux haina shida: Wine inapitisha uchapaji kwenye CUPS.)

Kwa hali yako fundi ameshinda. Tengeneza mashine pepe, weka Windows ambayo draiva ya ufunguo inaikubali, kisha kwenye mipangilio ya USB ya mashine hiyo ukabidhi ufunguo kwa mgeni. Ukikabidhiwa, Linux inauachia na Windows iliyo ndani inauona kama umechomekwa kwake. Kama draiva inataka Windows ya zamani isiyopata masasisho tena, izimie mtandao mashine hiyo. Uhasibu hauhitaji intaneti kufunga hesabu.

---

mcheza_gemu

Mmesahau kilichoibadilisha Wine kuliko yote, gemu!

Agosti 2018 Valve walitoa Proton, ambayo ni Wine pamoja na vipande vingine, ikiwa ndani ya Steam, duka lao la gemu. Kipande kikubwa ni DXVK. Gemu za Windows huchora kwa Direct3D, Linux haina Direct3D, kwa hiyo DXVK inageuza kila ombi la Direct3D kuwa la Vulkan, ambayo kadi za michoro kwenye Linux zinaijua. Kwa Direct3D 12 kuna VKD3D-Proton. Februari 2022 ikaja Steam Deck, kifaa cha mkononi chenye Linux, na watu wanaocheza gemu za Windows humo wengi wao hawajui hata kwamba chini yake kuna Wine.

Kinachokwamisha sasa ni programu za kuzuia udanganyifu kwenye gemu za mtandaoni. Easy Anti-Cheat na BattlEye walifungua mlango kwa Proton mwaka 2021, lakini mwenye gemu lazima aamue kuuruhusu, na baadhi wamekataa. Hapo hata ungekuwa fundi namna gani, huna la kufanya.

---

mleta_uzi

Asante, na sababu ni ileile ya ufunguo wa mhasibu. Zile kali zinataka kukaa ndani ya kerneli ya Windows zichunguze kompyuta nzima. Hakuna kerneli ya Windows, hakuna pa kukaa.

Niongeze kwamba faida ya gemu imewafikia hata wasiocheza. Kazi iliyofanywa kwa ajili ya gemu imetengeneza michoro, sauti, fonti na madirisha, na programu za ofisini zinapita humohumo.

---

mwanafunzi

Mimi nina Mac yenye chipu ya M2. Chuo kinatumia programu ya usanifu ya Windows tu, biti 64, ya x86. Nimeweka VirtualBox nikapakua Windows ya kawaida, haiwaki kabisa. Na jamaa ananiambia Mac ina Rosetta inayotafsiri kila kitu. Nimechanganyikiwa.

---

mleta_uzi

Usichanganyikiwe, ndugu. Wewe ndiye mwenye matatizo yote mawili niliyoyataja, na nilitamani aje mtu wa aina yako.

Mashine pepe ina kasi kwa sababu mgeni anatumia prosesa halisi iliyopo. Prosesa yako ni ARM. Windows uliyopakua ni ya x86. Mashine pepe haibadilishi lugha ya prosesa, kwa hiyo haikuwaka. Unachohitaji ni Windows 11 ya ARM. Hiyo inawaka ndani ya mashine pepe kwenye Mac yako kwa kasi nzuri, na Microsoft mwaka 2023 waliidhinisha rasmi matumizi yake ndani ya Parallels, programu ya mashine pepe kwenye Mac.

Ikishawaka, programu yako ya x86 inatafsiriwa na Windows yenyewe. Windows ya ARM ilianza na programu za biti 32 mwaka 2017, za biti 64 zikaingia na Windows 11, na tangu toleo la 24H2 la mwaka 2024 mtafsiri wake mpya anaitwa Prism. Angalia tu kama programu yako inaleta draiva: draiva haitafsiriwi, lazima iwe ya ARM.

Rosetta 2 ni mtafsiri wa prosesa tu. Inachukua programu ya Mac iliyotengenezwa kwa ajili ya Intel na kuigeuza kuwa maagizo ya ARM, sehemu kubwa ikigeuzwa kabla programu haijaanza. Rosetta haiijui Windows kabisa, na Apple wanasema wazi kwamba haitafsiri programu za mashine pepe za x86. Lakini ukiiunganisha na Wine, mambo yanakamilishana: CrossOver, ambayo ni Wine inayouzwa na CodeWeavers, inashughulikia maombi ya Windows, na Rosetta inashughulikia maagizo ya prosesa. Programu moja, watafsiri wawili. Kama programu yako imo kwenye orodha ya zinazokubali CrossOver, hiyo ndiyo njia nyepesi zaidi kwako, maana huhitaji Windows yoyote.

Njia ya tatu ni QEMU, ambayo Fabrice Bellard aliianzisha mwaka 2003. Kwenye Mac utaipata ndani ya programu ya UTM. Inaweza kuiga prosesa ya x86 nzima, na Windows ya kawaida itawaka. Lakini kwa programu ya usanifu utasubiri kila ukibofya. Iache kwa programu ndogo za zamani.

---

fundi_kompyuta

Hapa nina swali la dhati. Rosetta 2 na QEMU zote zinatafsiri x86 kwenda ARM. Kwa nini moja inapaa na nyingine inatambaa?

---

mleta_uzi

Swali zuri sana, fundi. Sababu ni zaidi ya moja.

QEMU katika hali hiyo inaiga mashine nzima: prosesa, diski, kadi ya mtandao, saa, hata namna kumbukumbu inavyogawanywa na mfumo. Kila programu inapogusa kumbukumbu, lazima QEMU ihakikishe anwani hiyo ni ya nani. Rosetta inatafsiri programu moja tu, na mfumo ulio chini ni wa Mac halisi.

Nyingine iko kwenye chipu. Kiini kimoja cha prosesa ya x86 kikiandika vitu viwili kwenye kumbukumbu, viini vingine huviona kwa mpangilio uleule vilivyoandikwa. ARM haitoi ahadi hiyo, inaweza kubadilisha mpangilio ili iongeze kasi. Programu ya x86 yenye kazi nyingi kwa wakati mmoja inategemea ahadi ile bila hata kuitaja. Mtafsiri wa kawaida analazimika kuweka maagizo ya kuzuia karibu kila mahali ili mpangilio usivurugike, na kila kizuizi kinakula muda. Apple waliweka kwenye chipu zao uwezo wa kufuata mpangilio wa x86 pale Rosetta inapouhitaji. Ni uamuzi uliofanywa kwenye silikoni kwa ajili ya kutafsiri, na ndiyo maana kuiga matokeo yake kwa programu peke yake ni kugumu.

Ila mwanafunzi asikie na hili. Rosetta ya kwanza ilikuja mwaka 2006 Apple walipotoka prosesa za PowerPC kwenda za Intel, na mwaka 2011 ikaondolewa na Mac OS X Lion. Mwaka 2019 macOS Catalina ikaondoa programu zote za biti 32. Na mwaka 2025 Apple wametangaza kwamba Rosetta 2 kwa matumizi ya jumla itafika hadi macOS 27, baada ya hapo itabaki sehemu yake kwa ajili ya gemu za zamani. Kwa kampuni, mtafsiri ni daraja la kuvukia, na likishavukwa linabomolewa. Ukiwa na kazi utakayohitaji kuifungua baada ya shahada, ihifadhi pia kwa muundo ambao programu nyingine zinausoma.

---

mwanafunzi

Asante sana mkuu, nitaanza na CrossOver, ikigoma naenda kwenye Windows ya ARM. Je, haya mambo ni halali lakini? Kutengeneza upya maombi ya Windows bila ruhusa yao.

---

mleta_uzi

Wine ipo tangu 1993, na mwaka 2024 Microsoft wenyewe waliukabidhi mradi wa Mono (toleo huria la .NET yao) kwa watu wa Wine. Kisheria, kesi inayotajwa zaidi ni ya Marekani: Aprili 2021 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 6 kwa 2, kwamba Google kunakili mistari takriban 11,500 ya maombi ya Java kwa ajili ya Android kulikuwa matumizi ya haki. Na Wine hawanakili hata mistari. Leseni ya programu unayoiendesha ndiyo ya kusoma. Ya macOS, kwa mfano, inaruhusu mashine pepe kwenye kompyuta za Apple tu.

---

mhasibu

Nimeweka mashine pepe, ufunguo umeonekana, programu imefunguka. Mungu awabariki. Nimebakiwa na programu nyingine ndogo ya ankara isiyo na ufunguo. Hiyo nataka kuijaribu kwenye Wine. Nianzeje bila kuharibu kitu? Na virusi vya Windows je, vinaweza kuingia humo?

---

mleta_uzi

Hongera!

Nijibu virusi kwanza, maana watu wengi wanadanganyana. Wine si gereza. Programu iliyo ndani yake ina haki zote ulizonazo wewe. Kwa kawaida Wine huonyesha diski yako yote ya Linux kama Z:, kwa hiyo programu mbaya inayofunga mafaili na kudai fidia inaweza kuyafikia ya kwako. Kuiondoa Z: kwenye winecfg (mipangilio ya Wine) kunapunguza ajali lakini si ukuta. Kama huiamini programu, itumie kwenye mashine pepe isiyo na folda ya pamoja. Na usiiendeshe Wine kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, kwa sababu yoyote ile.

Kuanza: fungua terminali, andika `file` ukifuatisha jina la .exe. Ukiona PE32 ni biti 32, PE32+ ni biti 64, na itakutajia prosesa pia. Kisha ipe folda yake mpya ya WINEPREFIX, usiichanganye na nyingine. Tazama kwanza kwenye AppDB ya Wine, orodha ya programu zilizojaribiwa, kama kuna aliyewahi kuijaribu, na toleo gani. Ikidai maktaba fulani ya Microsoft, zana ya winetricks itakuwekea, lakini weka hiyo inayodaiwa tu. Ukiziweka zote kwa pamoja hutajua ipi iliyoharibu.

Ikifunguka, usifurahie dirisha. Chukua nakala ya data, si data yenyewe, ufanye mzunguko mzima wa mwezi: toa ankara, chapa, hamisha ripoti kwenda kwenye lahajedwali, funga mwezi, kisha linganisha jumla na ile ya kule kwenye Windows. Angalia tarehe na nukta za desimali kwa jicho la karibu, kwa sababu programu hizi husoma mipangilio ya lugha na nchi kutoka kwenye mfumo, na Wine inaichukua kutoka Linux. Jumla zikilingana mpaka senti ya mwisho, hamia. Zisipolingana, hiyo ya ankara nayo iweke kwenye mashine pepe ulikoiweka ya uhasibu.